Walimpata kanisani, wakampoteza ofisi ya ardhi: tathmini ya huduma ya kufuatilia nasaba

Mwezi wa Februari mwaka uliopita nililipa shilingi 45,000, kwa awamu mbili, kwa ofisi ndogo ya Nairobi inayofuatilia nasaba za familia, na baada ya wiki kumi na moja nikakabidhiwa ripoti ya kurasa 31 kuhusu babu yake baba yangu. Mzee huyo alizaliwa katika wilaya iliyoitwa Fort Hall, yaani Murang'a ya leo, akahamia Njoro kulima kwenye shamba la setla, yaani mlowezi wa Kizungu, na akafia Nyandarua mwaka 1971, miaka mitatu kabla sijazaliwa. Nilichoahidiwa kwa maandishi ni kwamba maisha yake kama mkulima yangefuatiliwa kupitia kumbukumbu za parokia na za ardhi, na kwamba kila dai lingeambatanishwa na nakala ya ukurasa lilikotoka. Ofisi hiyo sitaitaja kwa jina. Ni watu wawili wenye bidii, na tathmini yangu inahusu kazi waliyoniletea, ambayo nusu yake ningeilipia tena kesho na nusu nyingine ningeirudisha ingewezekana.

Nianze na nusu iliyo njema. Wamisionari Wakatoliki wa Consolata waliingia nchi ya Wakikuyu mwezi wa Juni 1902 na kuadhimisha misa yao ya kwanza Tuthu, kwenye miteremko ya Aberdare, na misheni zilizofuata zilifungua madaftari ya ubatizo ambayo hayakukusudiwa kumsaidia mtafuta nasaba hata kidogo. Yalifuata sheria ya Kanisa, ambayo inamtaka paroko aweke vitabu vya ubatizo, ndoa na vifo, na ambayo tangu amri ya Roma kuhusu ndoa, Ne Temere, kuanza kutumika mwaka 1908 inataka ndoa ya mtu iandikwe pia pembeni mwa jina lake katika kitabu cha ubatizo, hata kama ndoa hiyo ilifungwa mbali. Mkulima aliyeondoka kijijini na kuoa mamia ya kilomita kutoka alikobatizwa anaweza, kwa sababu ya sharti hilo moja, kuwa ameacha alama nyumbani bila yeye mwenyewe kujua.

Watafiti wangu walilijua hilo na wakalitumia kwa ustadi. Katika ukurasa wa 6 wa ripoti kuna picha ya mstari mmoja wa daftari, iliyopigwa kwa mwanga mzuri, na nimeitazama mara nyingi kuliko picha yoyote ya familia niliyo nayo. Tarehe ni 3 Aprili 1926, Jumamosi Kuu, siku ambayo watu wazima waliomaliza mafundisho hubatizwa, na ndiyo sababu jina lake liko katikati ya kundi la majina yaliyoandikwa kwa mwandiko mmoja na wino mmoja. Baada ya neno adultus, mtu mzima, kuna makadirio ya umri, annorum circiter 22, yaani miaka kama 22, kisha jina la baba, jina la mama na jina la msimamizi. Pembeni, kwa wino mweusi zaidi na mkono mwingine, kuna ufupisho wa maneno ya Kilatini unaosema kwamba alifunga ndoa tarehe 14 Februari 1931, pamoja na jina la mke na la misheni ya Bonde la Ufa. Kabla ya hapo familia yetu haikuwa na tarehe hata moja ya mzee huyo ukiacha ile ya kaburini.

Ugumu wa kuupata mstari huo usidharauliwe. Padre aliyeuandika alikuwa Mwitaliano, na alisikiliza Kikuyu kwa sikio la Kiitaliano: sauti ya K aliiandika kwa C, na mbele ya I au E akaongeza H, hivi kwamba Kamau katika daftari lake ni Camau na Kimani ni Chimani. Anayetafuta kwa tahajia ya kitambulisho cha leo atapita juu ya babu yake bila kumwona. Ripoti inaeleza kwamba watafiti waliandika kwanza namna zote ambazo jina letu lingeweza kusikika, ndipo wakaenda parokiani, na walipofika hawakudai waonyeshwe kitabu bali walimwomba katekista mzee aketi nao. Nilithibitisha hilo baadaye kwa kwenda mwenyewe. Katekista aliniuliza, "Mwanangu, wewe ni wa mbari gani?" kabla ya kuniuliza jina langu, na nilipomjibu alikwenda moja kwa moja kwenye daftari la pili kutoka kushoto. Karani wa parokia alikuwa amenionya kwamba ningehitaji barua ya utambulisho na nakala ya kitambulisho, na kwa maoni yangu hilo ni sharti la haki, kwa kuwa vitabu hivyo vina siri za watu: watoto wasiotajwa baba, na waliobatizwa kwa haraka wakiwa mahututi.

Jambo jingine lililonipendeza ni matumizi ya desturi ya majina. Kwa Wakikuyu mwana wa kwanza huitwa jina la babu mzaa baba, wa pili la babu mzaa mama, na mabinti hufuata mpango uo huo kwa upande wa nyanya. Kwa kuwa na majina ya watoto wa mzee kwa mpangilio wa kuzaliwa, watafiti waliweza kukisia majina ya wazazi wake kabla ya kufungua daftari, kisha daftari likawathibitishia. Huo ni utafiti uliofanywa kwa akili na utaratibu, na kama ripoti ingeishia ukurasa wa 15 ningeisifu bila kusita.

Kurasa nne zinazofuata ni za kujazia. Zinasimulia Sheria ya Ardhi za Utawala ya 1915 iliyowapa masetla mikataba ya miaka 999, kipande, yaani hati ya utambulisho, ambacho mwanamume Mwafrika alilazimika kukibeba shingoni ndani ya kikebe cha chuma baada ya Vita vya Kwanza, na sheria ya 1918 iliyomtaka skwota amfanyie setla kazi siku zisizopungua 180 kwa mwaka ili aruhusiwe kuishi, kulima na kufuga katika shamba hilo. Yote ni kweli, na yote yamo katika vitabu vya shule. Nilichotaka kujua ni kama kuna karatasi yoyote inayomgusa skwota huyu mmoja, na jibu la ripoti ni sentensi moja kwamba kumbukumbu za mashamba ya masetla zilikuwa mali binafsi na nyingi zimepotea. Sentensi hiyo ingetosha bila kurasa nne za kuitangulia.

Kisha tunafika kwenye ardhi, na hapa ndipo shilingi zangu zilipoanza kuvuja. Ripoti inatangaza kwa furaha kwamba mzee alisajiliwa kuwa mmiliki wa kwanza wa ekari 3.2 katika Murang'a mwaka 1962, na inaambatanisha nukuu ya kadi ya kijani, ile kadi ambayo ofisi ya usajili hurekodi humo maelezo ya kiwanja, wamiliki wake kwa mfuatano, na madeni au mazuio yaliyowekwa juu yake. Jina la kwanza ni lake na la pili ni lake. Lakini makarani wa enzi hizo waliandika mtu pamoja na baba yake, na jina la baba katika kadi hiyo, ukurasa wa 22 wa ripoti, si jina la baba lililo katika daftari la ubatizo, ukurasa wa 6 wa ripoti ile ile. Walikuwa wamenipa shamba la mtu mwingine. Nilipowapigia simu, mmoja wao alinieleza kwa upole kwamba majina ya Kikuyu hubadilika-badilika katika nyaraka, maelezo ambayo ni ya kweli kwa tahajia ila hayawezi kumpa mtu baba wa pili.

Kosa lenyewe linaeleweka ukijua jinsi ofisi ya ardhi inavyofanya kazi. Kumbukumbu zake zimepangwa kwa nambari ya kiwanja. Huendi dirishani ukauliza fulani alikuwa na nini. Unajaza fomu yenye nambari, unalipa ada, na unaambiwa nambari hiyo ni ya nani. Hata Ardhisasa, mfumo wa kumbukumbu za ardhi kwenye mtandao uliozinduliwa Aprili 2021 kwa kuanzia na Nairobi, umejengwa kumjibu mtu anayekuja na kiwanja. Watafiti walipata nambari yao kwa binamu yangu, aliyeisikia kwa shangazi, na jina lilipofanana wakafunga jalada. Sitaki kuwa mkali kupita kiasi, kwa sababu mimi pia ningefurahi. Lakini niliwalipa wao ili furaha hiyo iwe na breki.

Kubwa zaidi, walisahau kuuliza kama mzee angeweza kuandikishwa ardhi wakati huo. Uunganishaji wa mashamba ulifanywa katika wilaya za Wakikuyu chini ya Mpango wa Swynnerton wa 1954, mpango wa serikali ya kikoloni wa kilimo na umiliki wa ardhi, huku Hali ya Hatari iliyotangazwa Oktoba 1952 ikiendelea, watu wamekusanywa vijijini na maelfu wako kizuizini. Kamati za wazee ziliandika vipande vya kila mtu, vipande hivyo vikapimwa, na jumla yake ikageuzwa kuwa shamba moja. Asiyekuwepo alimtegemea ndugu amsemee. Isitoshe, kazi ya awali ya Fort Hall ilibainika kuwa na kasoro kubwa kiasi kwamba ilibidi irudiwe mwanzoni mwa miaka ya 1960, kwa hiyo tarehe ya 1962 kwenye kadi haisemi mengi kuhusu nani alikuwa akilima wapi mwaka 1950. Na sheria ya ardhi iliyosajiliwa ya 1963 iliufanya usajili wa kwanza kuwa mgumu kuutikisa, hata palipokuwa na udanganyifu. Mtafiti anayesoma jina la kwanza kwenye kadi kana kwamba ni ushahidi wa mkulima wa kwanza hajaielewa kadi anayoisoma.

Mzee wetu hakuwapo. Familia inakumbuka kwamba alirudishwa kutoka Njoro kwa lori mwaka 1953, pamoja na maskwota wengine wengi, na kwamba muda mfupi baadaye alizuiliwa. Habari hizo niliwapa watafiti katika mahojiano ya kwanza, na zimo katika ukurasa wa 3 wa ripoti, lakini hazikubebwa hadi ukurasa wa 22.

Basi nikaifanya nusu ya pili mwenyewe, na naieleza kwa kirefu kidogo kwa kuwa inaonyesha ni nini hasa ningepaswa kupata kwa pesa zangu. Nilirudi kwenye daftari la ubatizo, ambalo watafiti walikuwa wamelifunga mara tu walipompata waliyemtafuta, nikaendelea kufungua kurasa za miaka iliyofuata. Mwaka 1929 kuna kijana aliyekadiriwa kuwa na miaka 16, mwenye baba yule yule na mama yule yule. Mzee alikuwa na mdogo wake ambaye hakuna aliyewahi kumtaja nyumbani kwetu. Pembeni mwa jina la kijana huyo pia kuna ndoa, nayo ilifungwa pale pale parokiani. Huyu hakuondoka.

Kwa jina lake na la baba yao niliingia katika matoleo ya Gazeti Rasmi la Kenya, ambayo siku hizi yamewekwa kwenye mtandao na yanaweza kutafutwa kwa neno. Tangu Sheria ya Urithi ianze kutumika mwaka 1981, anayeomba kusimamia mali ya marehemu hutangazwa humo, na tangazo hutaja jina la marehemu, mahali alipotoka na siku aliyofariki. Nilitumia jioni tatu, nikijaribu tahajia moja baada ya nyingine, hadi nikampata: alifariki mwaka 1984, na tangazo lilitoka mwaka uliofuata, likiwa na nambari ya kesi.

Nambari hiyo ya kesi ilikuwa ndiyo mlango. Parokia inamjua mtu bila kujua shamba lake, ofisi ya ardhi inalijua shamba bila kumjua mtu zaidi ya jina, na karatasi inayowakutanisha ni jalada la mirathi mahakamani. Ndani ya jalada kuna cheti cha kifo, kiapo kinachoorodhesha mali pamoja na nambari za viwanja, na barua ya chifu inayotaja warithi mmoja mmoja. Nilisubiri siku mbili hadi lilipotolewa kwenye chumba cha kumbukumbu, likiwa limefungwa kwa uzi na limepauka kingo. Barua ya chifu ilikuwa ya kurasa mbili za taipu. Iliwataja wake wawili na watoto tisa, kisha, chini kabisa, chifu aliongeza kwamba marehemu alikuwa na kaka mkubwa aliyehamia Nyandarua, ambaye sehemu yake ilichanganywa na ya marehemu wakati wa kupima kwa kuwa hakuwepo, na kwamba watoto wa kaka huyo hawajafika kuulizwa.

Nilikwenda ofisi ya ardhi nikiwa na nambari kutoka kwenye kiapo, iliyoanza kwa LOC. kama nyingi za Murang'a, kisha jina la eneo, kisha tarakimu. Karani alinitazama juu ya miwani. "Mzee, unataka kudai?" Nilimwambia nataka kujua tu, naye akanijibu kwamba wote huanza hivyo. Simlaumu. Mwaka 2018 Mahakama ya Upeo ilithibitisha kwamba amana ya kimila, yaani ardhi kushikiliwa na mmoja kwa niaba ya familia, inaweza kumfunga mmiliki aliyesajiliwa hata kama haikuandikwa kwenye rejista, na ofisi za ardhi zinawaona wajukuu wengi wenye mafaili chini ya kwapa. Kadi ilionyesha ekari 5.4, mmiliki wa kwanza akiwa mdogo wake mzee, na baadaye kugawanywa kwa warithi na kufungwa kwa nambari ya zamani. Upekuzi wote ulinigharimu chini ya shilingi 3,000 ukijumlisha nauli.

Nilipita pia katika Hifadhi ya Nyaraka za Kitaifa, lile jengo la Moi Avenue lililokuwa zamani Benki ya India, kwa kuwa ripoti ilisema kwa mkato kwamba huko hakuna kitu. Kwa jina la mzee ni kweli sikupata kitu, na asiende mtu huko akitarajia orodha ya maskwota kwa herufi. Lakini watafiti walikuwa wametafuta chini ya Murang'a, ilhali mafaili ya mkoloni yako chini ya Fort Hall, yenye alama ya DC/FH, na humo ripoti za kila mwaka za mkuu wa wilaya zinaeleza mavuno, njaa, mizozo ya mipaka na watu waliokwenda Bonde la Ufa. Wahudumu wa chumba cha kusomea walinisaidia kwa subira. Yako pia majuzuu ya ushahidi uliotolewa mbele ya Tume ya Ardhi ya 1932 hadi 1934, ambamo wazee wa mbari mbalimbali wanaeleza nani alinunua githaka kipi, yaani ardhi ya ukoo, na kwa mbuzi wangapi. Kwa mwenye ukoo uliojitokeza mbele ya tume hiyo, siku moja huko ina thamani kuliko wiki moja ya kuuliza mitaani.

Kuhusu mwenendo wa huduma kwa jumla: simu zangu zilijibiwa, awamu ya pili ya malipo haikudaiwa kabla ya ripoti, na nakala zote zilikuja zimepangwa na kuwekewa nambari, jambo lililoniwezesha kuona mgongano wa kurasa mbili. Nilipowaandikia kuhusu jalada la mirathi walijibu baada ya siku tisa, wakakiri kosa la ekari 3.2, na wakaahidi kunirudishia shilingi 10,000. Hadi ninapoandika haya nimepokea 6,000.

Kwa yeyote ambaye jamaa zake walibatizwa na wamisionari, na ambaye hajui kusoma Kilatini wala mwandiko wa 1926, ningesema awape kazi ya parokia bila wasiwasi na alipe hiyo peke yake. Nadhani shilingi 20,000 ni bei ya haki. Kazi ya ardhi asiwape hadi watakapoonyesha kwamba wanaanzia mahakamani, na akiwapa, adai kwa maandishi kwamba jina la baba kwenye kadi litalinganishwa na jina la baba kwenye daftari. Mimi nimewaagiza jambo moja tu zaidi, ambalo wanalimudu: kutafuta katika ile misheni ya Bonde la Ufa kitabu cha ndoa cha 1931, kwa sababu jina la mke aliyeandikwa pembeni mwa jina la mzee si la nyanya tuliyemzika.